Kabla Hujanunua Bodi, Itazame Kompyuta Yako

Msimu wa karafuu hapa Gando, Pemba, una adui mmoja asiyepiga hodi. Majamvi yametandazwa uwanjani tangu asubuhi, jua limekaza, watu wa nyumba wameingia ndani kula, mara wingu linatokea baharini na matone ya kwanza yanadondoka kabla mtu hajamaliza tonge. Karafuu ikirowa hubadilika rangi, na ikibadilika rangi daraja lake linashuka. Kijana mmoja wa jirani akalitafutia dawa jambo hili. Alichukua kijibamba kinachohisi maji, bodi ya Arduino Uno na king'ora kidogo, akaviunga kwa nyaya na kuvifunga kwenye nguzo ya banda. Tone likigusa kijibamba, king'ora kinalia na nyumba nzima inakimbilia majamvi.

Mchana wa kwanza kililia ilipopasa. Alfajiri kikalia tena, saa kumi na moja, na mbinguni hamna hata wingu. Ulikuwa umande. Bibi yake alitoka na kanga begani akamwambia akitafutie pahala pengine pa kukitundika, au ajitafutie yeye pahala pengine pa kulala.

Dawa ilikuwa kubadilisha namba moja ndani ya programu, ile inayoamua unyevu ufike kiasi gani ndipo kelele zianze. Ni kazi ya dakika mbili, lakini ilimchukua wiki tatu. Programu iliandikwa kwenye Mac ya binamu yake aliyekuja Idi kutoka Maskati, na binamu alisharudi Maskati na Mac yake. Nyumbani kulibaki laptopu ya zamani yenye Windows 7 ya biti 32. Kijana akanunua bando, akapakua Arduino IDE iliyo mpya kabisa, bando likaisha, na programu ikakataa kufunguka. Ndipo alipokuja kwangu na laptopu kwapani.

"Shikamoo, mjomba. Bodi imekufa."

"Marahaba. Haijafa. Keti."

Haya ninayoyaandika ni yale niliyomwambia siku ile, pamoja na mengine niliyokuwa sina muda wa kumwambia.

Vitu vinne ndani ya kanzu moja

Vifaa vyenye kompyuta ndogo ndani vimetuzunguka bila sisi kuviita kompyuta: mita ya umeme ya TUKUZA ukutani, rimoti, mashine ya kufulia, kisanduku cha sola kinachojua betri imejaa. Humo ndani mna chipu iitwayo mikrokontrola. Ile ya Arduino Uno, ATmega328P, ina kilobaiti 32 za kuwekea programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp haienei humo. Chipu ya namna hiyo haiwezi kubeba zana za kuiandikia programu, kwa hiyo programu huandikwa na kutafsiriwa kwenye kompyuta kubwa, kisha hupelekwa kwenye chipu kwa waya. Kompyuta hiyo kubwa ni ya aina gani? Hilo ndilo swali ambalo wanunuzi wengi wa bodi hawajiulizi mpaka pesa imeshatoka.

Watu husema "programu ya Arduino" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vinne vilivyovaa kanzu moja. Kuna kihariri, unapoandika. Kuna kompaila, inayogeuza maandishi yako kuwa namba ambazo chipu inazielewa. Kwa chipu za aina ya Uno inaitwa avr-gcc, tawi la GCC ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Kuna kipakizi, avrdude, kinachozisukuma namba hizo kupitia waya. Na kuna draiva, kipande cha programu kinachoifanya kompyuta itambue kuwa kilichochomekwa ni bodi. Kimoja kikikataa mfumo endeshi wako, vitatu vilivyobaki havina faida.

Maandishi yako, kwa upande wake, hayana mwenyewe. Faili la .ino ni matini tupu. Lililoandikwa kwenye Mac linasomeka Windows, la Windows linasomeka Linux, na ukitaka unaweza kulinakili kwa kalamu kwenye daftari. Kijana wangu alidhani kazi yake yote imepanda ndege kwenda Maskati. Tulimpigia binamu, akatuma faili, mistari isiyofika 40, na kabla chai haijapoa tulikuwa nayo.

Hapa niseme jambo dogo lililotupotezea robo saa. Ukituma msimbo kwa WhatsApp, utume kama faili la waraka, usiubandike kama ujumbe. Kibodi ya simu hupenda kugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na kompaila ikiziona zilizopinda inagoma. Pia faili likifika mara ya pili hupewa jina lenye "(1)" mwishoni, na Arduino inataka faili likae ndani ya folda yenye jina lile lile, bila nafasi wala mabano. Lipe jina fupi, kama kengele.ino, ndani ya folda iitwayo kengele.

Toleo jipya si lazima liwe lako

Arduino IDE 2 ilitoka rasmi Septemba 2022. Inataka Windows 10 au mpya zaidi, ya biti 64. Au Linux ya biti 64 kwenye kompyuta za kawaida. Au macOS isiyo ya zamani sana. Laptopu ya Windows 7 ya biti 32 haimo kwenye orodha hiyo, na ndiyo maana ilikataa. Hakuna kilichoharibika.

Lakini ipo Arduino IDE 1.8.19, ya Desemba 2021, ya mwisho katika ukoo wake. Hii inafunguka Windows 7, inafunguka Linux ya biti 32, na inafunguka hata Raspberry Pi, ambayo haijapewa rasmi toleo la 2. Jambo la pili ndilo lililonifanya niwe mpenzi wake: inakuja na avr-gcc na avrdude tumboni mwake. Ukishaifungua, unaweza kuandika programu ya Uno bila kugusa intaneti. Toleo la 2, mara ya kwanza linapofunguliwa, hutoka nje kwenda kupakua vifaa hivyo. Kwa mtu wa mjini hiyo si habari. Kwa aliyenunua bando la siku moja akalimaliza kupakua IDE yenyewe, ndiyo tofauti kati ya kufanya kazi na kukaa bure.

Watakwambia la zamani limepitwa na wakati. Limepitwa, kweli, halina kijaza-maneno, halina dibaga, na sura yake ni ya kizamani. Kengele ya mvua haihitaji hata kimoja kati ya hivyo.

Kabla hujapakua chochote, jua ulichonacho. Kwenye Windows, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya Computer au This PC, chagua Properties, usome mstari wa System type. Usome vizuri, maana kwenye Windows 10 unaeleza mambo mawili: mfumo endeshi ni wa biti ngapi, na prosesa ni ya biti ngapi; Windows 7 hutaja la kwanza tu. Laptopu nyingi za zamani zina prosesa ya biti 64 zikiwa zimewekewa Windows ya biti 32. Hapo una njia: Linux nyepesi ya biti 64 itaifufua mashine hiyo, na zana nyingi mpya zitafunguka, ingawa kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo zitakwenda kwa mwendo wa kobe. Kwenye Linux, andika uname -m kwenye dirisha la amri. Ikijibu x86_64 ni biti 64, i686 ni biti 32, aarch64 ni prosesa ya ARM kama ya Raspberry Pi. Wenye prosesa ya biti 32 tupu wafanye haraka kuchukua wanachokihitaji, kwa sababu mlango unazidi kufungwa. Hata Debian, iliyokuwa kimbilio la mashine kuukuu, katika toleo lake la 13 la mwaka 2025 haitoi tena diski ya kusakinisha kwa biti 32.

Microsoft nao waliacha kuitunza Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 ilifuata tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hizo. Zitaendelea kuandika programu za chipu miaka mingi. Ila usiingie nazo kwenye akaunti za pesa, na zikiwa karakana tu, bila intaneti, ni salama zaidi.

Draiva: hapa ndipo vijana wanapopotelea

Uno halisi hutumia chipu yake yenyewe kuzungumza na USB. Nakala za bei nafuu, ambazo ndizo nyingi madukani kwetu, hutumia chipu ya Kichina iitwayo CH340. Sizisemi vibaya nakala. Nimezitumia miaka, zinafanya kazi. Lakini CH340 inataka draiva yake, na hapo mifumo endeshi inaachana.

Windows 10 huitafuta draiva yenyewe ikiwa kuna intaneti. Windows 7 inakungoja wewe uilete kwa flashi. Linux inayo tayari ndani ya kiini chake, kwa jina la ch341, na macOS za miaka ya karibuni nazo zinayo. Bodi za ESP32, ukoo mwingine wa bodi, mara nyingi zina CP2102 ya Silicon Labs badala ya CH340, na hiyo nayo ina draiva yake kwa Windows. Tazama chipu ndogo iliyo karibu na tundu la USB, kwa tochi ya simu. Jina limechapwa juu yake kwa herufi ndogo kama chungu.

Poti nazo zina majina tofauti kila pahala. Windows itakwambia COM3 au COM5. Linux itaiita /dev/ttyUSB0 kwa nakala, /dev/ttyACM0 kwa Uno halisi. Mac itaanza na /dev/cu. na kufuatia mkia mrefu. Usiyakariri. Fungua orodha ya poti kabla hujachomeka bodi, ichomeke, ufungue tena. Jina lililoongezeka ndilo la bodi yako. Hakuna lililoongezeka? Kabla hujailaumu draiva, badilisha waya. Nyaya nyingi zinazokuja na vifaa vya bei rahisi zina nyaya mbili tu za umeme ndani yake, hazina za data. Bodi inawaka taa vizuri kabisa na kompyuta haioni kitu. Waya wa ESP32 ni ule ule wa simu, kwa hiyo ujaribu kwa simu kwanza: kama kompyuta haizioni picha zako, huo ni wa kuchajia tu.

Wa Linux wana mitego miwili. Wa kwanza ni ruhusa: poti inaonekana, ukijaribu kupakia unaambiwa hairuhusiwi. Andika sudo usermod -a -G dialout ikifuatwa na jina lako la kuingilia, kisha toka kabisa na uingie tena. Wengi husahau hilo la kutoka na kuingia. Wa pili ni wa ajabu zaidi. Kwenye Ubuntu 22.04, bodi yenye CH340 huonekana sekunde moja kisha poti hutoweka. Mwizi ni programu iitwayo brltty, iliyowekwa kwa ajili ya wasioona wanaosoma kwa vifaa vya Braille. Inaidhani bodi yako ni kifaa cha Braille, inaikamata. Kama hakuna anayeihitaji kwenye mashine hiyo, iondoe kwa sudo apt remove brltty na bodi itarudi. Ipo kwa sababu nzuri, ndiyo maana nasema uliza kwanza kama kompyuta ni ya shule.

Na draiva yenyewe inaweza kukugeuka: Oktoba 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu za USB za aina hii, ilitoa draiva kupitia masasisho ya Windows iliyokuwa ikizigusa chipu bandia za jina lake na kuzifuta namba ya utambulisho, hata kompyuta zisizitambue tena. Kelele zilikuwa kubwa ikaondolewa. Waliolala na bodi nzima wakaamka na bodi bubu walikuwa wengi ulimwenguni, na wengi hawakujua walichonunua ni bandia. Tangu hapo, draiva ikishafanya kazi karakanani kwangu, siisasishi kwa sababu tu dirisha limeniomba.

Kila kampuni na mlango wake

Arduino si yote. Ukienda mbele utakutana na chipu nyingine, na hapa duka halitakusaidia. Muuzaji atakwambia inafanya kazi na kila kompyuta, naye anamaanisha ina tundu la USB.

Wanaojifunza chipu za PIC watatumia MPLAB X ya Microchip, inayofunguka Windows, Linux na Mac; babu yake, MPLAB 8, ilikuwa ya Windows peke yake, na maelekezo mengi ya zamani bado yanamzungumzia babu. Microchip iliinunua kampuni ya Atmel mwaka 2016 ikarithi Atmel Studio, siku hizi Microchip Studio, na hiyo imebaki ya Windows tu. Keil µVision ni ya Windows tu. Proteus, inayopendwa na wanafunzi kwa kuchora na kuiga saketi, ni ya Windows tu, na nakala zake za wizi zinazozunguka kwa flashi zimejaa virusi kuliko saketi. STM32CubeIDE ya mwaka 2019 iko kwenye mifumo yote mitatu. ESP-IDF ya bodi za ESP32 vile vile.

PlatformIO ningeitaja kwa heshima yake: inatambua mfumo endeshi wako na kujiletea kompaila inayoufaa, kwa mamia ya bodi tofauti. Kasoro yake kwetu ni hiyo hiyo ya kujiletea, kwa kuwa inajiletea kwa bando lako, na huishi ndani ya kihariri cha VS Code ambacho matoleo yake mapya hayafunguki Windows 7.

Kama bado hujanunua na unataka kitu kisichojali kompyuta, nitakwambia Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021. Shikilia kitufe cha BOOTSEL unapoichomeka, na kompyuta itaiona kama flashi ya kawaida yenye jina RPI-RP2. Unaburuta faili, unaliachia, imekwisha. Ukiiwekea MicroPython, kazi ya mtafsiri inahamia ndani ya bodi yenyewe. Kompyuta inabaki kuwa ya kuchapia tu, na kihariri chepesi cha Thonny, kilichoanzia Chuo Kikuu cha Tartu huko Estonia, kinatosha. Kwenye Windows 7 itakubidi utafute draiva kwa sehemu ya mazungumzo, lakini kule kuburuta faili hakuhitaji chochote.

Wingu lisiloleta mvua

Wapo watakaokushauri uachane na usakinishaji wote, uandike ndani ya kivinjari, kila kitu kiko kwenye wingu. Kwa mwenye Chromebook au kompyuta ya kuazima hilo ni jema. Chrome na Edge zinaweza kuzungumza na poti moja kwa moja tangu 2021, na tovuti ya Wokwi inakuwezesha kuijaribu kengele yako bila hata kuwa na bodi. Mimi naitumia kufundishia.

Lakini sikiliza kisa cha Mbed. Kampuni ya Arm ilikuwa na jukwaa la kuandikia programu za chipu kwenye kivinjari, zuri, bure, likipendwa na walimu kwa sababu halikuhitaji kusakinisha kitu. Mwaka 2024 ilitangaza kuwa litafikia ukomo Julai 2026, na zana za mtandaoni hazitajenga tena miradi. Waliokuwa na IDE ya mwaka wowote kwenye diski zao bado wanayo, hata kama kampuni imelala. Waliokuwa na anwani ya tovuti peke yake ilibidi wahame, tena kwa ratiba ya mwingine. Kwa hiyo wingu nalitumia kama mgahawa. Jiko langu liko nyumbani.

Flashi ya Gando

Umeme wa Pemba tangu 2010 unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, baada ya miaka ya majenereta ya Wesha. Kompyuta inawaka. Kinachotubana ni intaneti ya bei inayoeleweka, na zana hizi ni nzito. Vifaa vya ESP32 peke yake ni mamia ya megabaiti. Kwa hiyo siku utakapokuwa Wete, Chake au Unguja kwenye mtandao mzuri, nenda na flashi ya gigabaiti 16 na ujaze kwa nia.

Chukua Arduino IDE 1.8.19 ya Windows, ile ya zip isiyohitaji kusakinishwa, na ya Linux pia hata kama huna Linux, kwa sababu jirani anayo. Chukua draiva ya CH340 na ya CP2102. Kisha ifungue zip, na ndani ya folda ya Arduino utengeneze folda nyingine uiite portable. Tangu hapo kila maktaba na kila kifurushi cha bodi utakachoongeza kitakaa humo badala ya kujificha kwenye kompyuta, na karakana yako nzima itatembea mfukoni. Ukiichomeka kwenye mashine nyingine ya Windows, inafunguka kama ulivyoiacha.

Kama umeshatumia IDE kwa njia ya kawaida, vitu vyako vimo kwenye folda ya Arduino15: kwenye Windows ndani ya AppData, Local, kwenye Linux ni .arduino15 nyumbani kwako, imefichwa kwa nukta. Kwenye Mac ni ndani ya Library. Unaweza kuinakili nzima kwenda mashine ya pili yenye mfumo endeshi huo huo. Ukiitoa Windows ukaipeleka Linux haitafaa, maana ndani yake mna kompaila, na kompaila haihami kutoka mfumo endeshi mmoja kwenda mwingine. Folda ya libraries ni habari nyingine. Maktaba kwa kawaida ni maandishi, na maandishi yanakwenda popote.

Hata hivyo maandishi nayo yana kisirani kimoja. Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, na Mac kwa kawaida haijali pia. Linux inajali. Ukiandika servo.h badala ya Servo.h, kwa binamu mwenye Mac itapita bila neno, kwako mwenye Linux itakataa ikidai faili halipo, na wewe unaliona kwa macho yako pale kwenye folda. Nimeshamwona mtu mzima akiifuta Linux yote kwa herufi moja.

Flashi inayotembea nyumba kumi inabeba na virusi. Ili ujue faili halijaguswa, tovuti rasmi nyingi huandika kando yake SHA-256, mfululizo wa herufi na namba unaolitambulisha. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux sha256sum na jina la faili. Herufi zikifanana zote, faili ni lile lile lililotoka kwa mwenyewe.

Na asiye na kompyuta kabisa? Anayesoma Unguja, katika chuo cha SUZA au Karume, akirudi likizo na simu tu, ajue kuwa Android inaweza. Programu ya ArduinoDroid hutafsiri msimbo wa Uno ndani ya simu yenyewe, na kwa kiungo cha OTG unachomeka bodi moja kwa moja. Kioo ni kidogo, vidole ni vinene, na simu nyingine haitoi umeme wa kutosha kulisha bodi na vihisio vyake, hivyo bodi ipe betri yake. iPhone isahau kwa kazi hii. Umeme ukikatika au waya ukichomoka katikati ya kupakia, usihofu. Kipande cha programu kinachopokea faili ndani ya Uno hakiguswi na kupakia kwa kawaida. Chomeka tena, pakia tena.

Tulimaliza siku ile kabla ya adhana ya alasiri. IDE ilifunguka, draiva ya CH340 ikaingia kwa flashi yangu, COM4 ikajitokeza. Kijibamba kikiwa kikavu kilikuwa kinasoma karibu na 1023, na kinashuka kadiri kinavyorowa. Binamu alikuwa ameweka kelele zianze kikishuka chini ya 900. Kijana akafuta, akaandika 600, akapakia, akanyunyizia maji kwa vidole vya mkono uliotoka kuoshwa. King'ora kikanyamaza. Akanyunyizia tena, mengi zaidi, kikalia mpaka kuku wakatawanyika.

Juzi nimepita kwao. Bibi anasema alfajiri sasa analala, ila mvua ya Jumatatu kimechelewa kuilia, pembe ya jamvi moja ikarowa. Kijana alikuwa barazani, laptopu mapajani, anajaribu 720.